TUUJUE MKOA WETU WA SONGWE



Leo tuzungumze juu ya mkoa wetu. Mtu akikuuliza, "Unatoka mkoa gani?" usijibu Mbeya. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Tangu mwaka 2016 sisi ni Mkoa wa Songwe, na makao makuu yako Vwawa. Wilaya zetu ni nne: Mbozi, Momba, Ileje na Songwe.

Jina hili ni la mto. Lakini, ndugu zangu, mito inayoitwa Songwe ni miwili! Mmoja unaingia Ziwa Rukwa. Wa pili unaingia Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi.

Haya, tuje Tunduma. Ukivuka mpaka hapa, uko Nakonde, nchi ya Zambia. Hakuna mto wala mlima unaoitenga miji hii miwili. Je, nani alikata mpaka? Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya kugawana nchi zetu. Wazee wetu hawakuulizwa. Ndiyo maana Wanyamwanga wako huku na wako Zambia. Shangazi yuko Nakonde, mpwa wake yuko Tunduma.

Tulipopata uhuru, tulianza kushona pale mkoloni alipokata. Zambia haina bahari. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijinyakulia utawala, na njia ya kusini ya kupitisha shaba ya Zambia ikawa ya mashaka. Rais Nyerere na Rais Kaunda wakaamua ijengwe reli. China ikatoa mkopo na mafundi. Kazi ilianza 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa. Inatoka Dar es Salaam, inapita hapa kwetu, inafika Kapiri Mposhi. Ni kilomita 1,860. Na mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja.

Basi, undugu haukatwi na mpaka. Lakini sheria ni za nchi mbili. Ukipeleka mahindi ng'ambo, au ukienda msibani, pita kituoni. Njia za panya zimewapotezea wengi mali zao. Na ukipewa karatasi, isome mwenyewe kwanza, ndipo utie sahihi. Siku za dole gumba zimekwisha!

Maswali ya kujadili:
1. Makao makuu ya mkoa wetu yako wapi?
2. Kwa nini Wanyamwanga wako katika nchi mbili?
3. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa sababu gani?