Mji Mkongwe na Miti Iliyoubeba



Huenda likaonekana jambo la ajabu kwamba hapa Olmotonyi, penye baridi ya Mlima Meru na harufu ya misindano, pazungumzwe habari za mji wa pwani uliojengwa kwa mawe ya baharini. Lakini ni mahali hapa ambapo chuo cha misitu kilianzishwa mwaka 1937, na wanaofundishwa kazi ya misitu wanapaswa kuyajua mambo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kuliko wengi wengine, kwa maana mji ule, pamoja na sifa zote za mawe yake, umebebwa na miti.

Mgeni anayefika Unguja kwa meli kutoka Dar es Salaam huuona mji kwanza kwa upande wa bahari. Huonyeshwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa. Huonyeshwa mahali pa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Hupelekwa Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Kisha huachwa azunguke vichochoroni akitazama milango ya nakshi yenye njumu za shaba. Ni haki yake ayaone hayo yote. Na mwalimu anayewapeleka wanafunzi asipite Mkunazini kwa haraka, kwa kuwa fahari ya mitaa ile ilitokana kwa sehemu kubwa na pembe za ndovu na karafuu, na karafuu hizo zililimwa kwa jasho la watumwa ambao majina yao hayakuchongwa kwenye mlango wowote.

Hata hivyo mgeni akiisha kuitazama milango, yafaa apige hodi, aingie ndani akikaribishwa, na ainue macho juu. Hapo ndipo penye siri ya mji. Kuta za nyumba zile ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, moja karibu na nyingine, na juu ya boriti mawe madogo na chokaa iliyopondwapondwa mpaka ikawa sakafu ya ghorofa inayofuata. Boriti ya mkoko iliyonyooka ina urefu wake, nayo haikubali kurefushwa. Kwa sababu hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu au pungufu. Tajiri aliyekuwa na fedha za kununua mashamba mazima ya karafuu hakuweza kununua chumba kipana kuliko mti. Mkoko ulipendwa kwa kuwa ni mgumu na mchwa hawaupendi, na majahazi yaliusafirisha mbali sana. Yaliupakia katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, yakangojea upepo wa kusi, yakaenda nao mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kuezekea.

Jambo hili halikuwa la Zanzibar peke yake. Mji wa Venice nchini Italia, ulioko katika ile pembe ya Bahari ya Mediterania iitwayo Adriatic, umesimama juu ya magogo yasiyohesabika yaliyopigiliwa katika matope, ambamo mti haupati hewa na kwa hiyo hauozi upesi. Watawala wa Venice walielewa mapema kwamba mji wa bahari usio na msitu nyuma yake hauna maisha. Msitu wa Montello waliulinda kwa ajili ya mialoni ya kuundia merikebu, na msitu wa Cansiglio ulitengwa mwaka 1548 kwa ajili ya makasia. Walikuwa mabepari wa biashara waliojali faida yao kwanza, hilo halina ubishi. Lakini walihesabu miti yao, na kuhesabu huko ndiko anakofundishwa kijana wa Olmotonyi kila asubuhi anapopanda mlimani na kamba ya kupimia.

Sasa yatazamwe maisha ya wakaaji wenyewe, kwani mji hautazamwi tu, unakaliwa. Mtumishi anayehamishiwa kazi Unguja akapata chumba Shangani, Malindi au Kiponda atajifunza upesi mambo ambayo mtalii haambiwi. Kabati lake halitapita ngazini. Gari la mizigo halitafika mlangoni, na vyombo vitaingia kwa mkokoteni au kichwani. Baraza ya mawe iliyo mbele ya nyumba ina watu wake na saa zake, na anayepita pasipo kutoa salamu huhesabiwa kuwa hakulelewa. Mwezi wa Ramadhani halii hadharani mchana, awe wa dini gani. Mtu wa bara akiyashika hayo atapata majirani wa kumtunzia mtoto na kumletea kahawa. Asipoyashika atakaa miaka mitano bado akiitwa mgeni.

Zaidi ya hayo, atajifunza habari ya maji. Nyumba zile hapo awali zilikuwa na dari bapa na vyoo vya mahali pake maalumu. Baadaye mapaa ya mabati yaliongezwa juu, mifereji ikawekwa, mabomba yakapandishwa ghorofani, majiko na vyumba vya kuogea vikazidi. Bomba moja likivuja bila kutengenezwa, maji hushuka polepole ndani ya ukuta mpaka kwenye kichwa cha boriti, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti ambayo mchwa waliikimbia kwa miaka mia huoza hapo kwa misimu michache, na ikiisha kuoza ukuta hauna kinachouvuta usitoke nje. Wapo wanaodhani kuwa tiba ni kuupiga ukuta plasta ya saruji. Saruji huufungia unyevu ndani, chokaa iliyo chini yake ikawa unga, na baada ya muda plasta yote huanguka pamoja na jiwe.

Historia ya uzembe huo isemwe kwa haki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikatwaliwa na Serikali. Wananchi waliotoka mashamba na Pemba, ambao wengi wao walikuwa wakiziingia nyumba hizo kama wapagazi na watumishi tu, wakapata vyumba vya kukaa. Hilo lilikuwa jambo la haki. Kilichopungua ni hesabu. Nyumba iliyotunzwa na familia moja tajiri yenye mafundi wake sasa ilikaliwa na familia nyingi, kila moja na chumba chake. Kodi ilikuwa ndogo, na paa, ambalo ni la wote, likawa si la mtu. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Majengo yapatayo 1,700 yakawa mali ya kuangaliwa na ulimwengu mzima.

Fedha za watalii zimekuja, na hapana haja ya kuzidharau, kwa kuwa zimetengeneza mapaa mengi. Lakini nyumba iliyogeuzwa hoteli ina wageni wa siku tatu, nao hawana baraza. Jirani akihama kwa kushindwa na kodi, fundi chokaa naye huhama, mchoma mkate huhama, na madrasa hubaki na watoto wachache. Venice imekwisha kufika huko. Mwaka 1951 sehemu yake ya kale ilikuwa na wakaaji wapatao 175,000. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000, na mwaka 2024 mji ulianza kuwatoza ada wageni wa kutwa katika siku fulani za msongamano. Mji unaotoza kiingilio umekaribia sana kuwa jumba la makumbusho.

Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hilo ndilo jumba lililonusurika mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896, wakati kasri la jirani lilipovunjwa kwa muda usiofika saa moja. Kilichoishinda mizinga kilidhoofishwa na miaka ya unyevu.

Hapo ndipo linapozuka swali linaloihusu Olmotonyi. Kila nyumba inayotengenezwa upya inadai boriti, na mikoko haiwezi kukatwa kama zamani. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982; Tanzania ilitayarisha mpango wa kusimamia mikoko yake mwaka 1991; na sehemu ya mikoko ya Unguja imo ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Makatazo hayo ni ya lazima, maana mikoko ndiyo kitalu cha samaki na kinga ya pwani. Basi fundi wa Mji Mkongwe alaze kitu gani juu ya ukuta? Mivinje na mikaratusi hutumika, lakini mti uliovunwa mapema na usiotiwa dawa hauwezi kupewa kazi ya miaka mia. Misindano ya Meru ni laini zaidi, nayo bila dawa huliwa na mchwa. Anayehitimu chuoni hapa akapangiwa kazi Rufiji atakutana na swali hilo katika hesabu zake: ni boriti ngapi zenye unene wa kutosha zinaweza kutolewa kila mwaka katika kila eneo bila msitu kupungua, na ni ngapi kati ya hizo zitengwe kwa ajili ya mapaa ya Malindi na Kiponda kabla hazijaishia katika tanuri za chokaa.