Kalamu Kando ya Uwanja: Kujenga Kazi ya Afisa wa Habari za Michezo Chuoni

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa vyuo, vijana na walimu wa michezo.



Mwaka wa 1978, kijana kutoka Nandi aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State University nchini Marekani alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Huyo ni Henry Rono. Mwezi Aprili alikimbia mita 5,000 mjini Berkeley kwa 13:08.4. Mwezi Mei, mjini Seattle, alimaliza mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Mwezi Juni alikimbia mita 10,000 mjini Vienna kwa 27:22.4, kisha mita 3,000 mjini Oslo kwa 7:32.1.

Miguu ilikuwa ya Rono. Hata hivyo, nambari hizo zinajulikana hadi leo kwa sababu palikuwa na watu kando ya uwanja waliopima, wakaandika na kutangaza. Mbio ambazo hazikuandikwa hazimpi mwanariadha ufadhili wa masomo.

Nchini Marekani, kuandika na kutangaza habari za wanamichezo wa chuo ni kazi kamili ya kuajiriwa. Maafisa wake walianzisha chama chao mwaka wa 1957, na tangu 2022 kinaitwa College Sports Communicators. Chuo chenye timu nyingi huwa na ofisi nzima ya kazi hiyo, na katika chuo kidogo afisa mmoja hushughulikia kila mchezo, kuanzia mpira wa vikapu hadi mbio za nyika.

Kabla ya mchezo, afisa huandaa orodha ya wachezaji, historia ya timu hizo mbili na takwimu za msimu, kisha huwatumia wanahabari. Mchezo ukiendelea, husimamia takwimu: nani amefunga, dakika ya ngapi, kwa pasi ya nani. Baada ya kipenga cha mwisho huandika taarifa, huwaleta kocha na wachezaji kwa mahojiano, na kuweka matokeo kwenye tovuti. Usiku unapoingia, wachezaji wamelala naye bado anahakiki nambari. Kazi hii hula jioni na wikendi, na mshahara wa anayeanza mara nyingi ni mdogo. Anayeitafuta ayajue hayo mapema.

Je, mtu huanzia wapi? Wengi huanza wakiwa wanafunzi wasaidizi. Mfano ni Pete Rozelle, aliyeshughulikia habari za michezo akiwa bado mwanafunzi wa University of San Francisco. Alipohitimu mwaka wa 1950, chuo kilimwajiri kwa kazi hiyo hiyo. Kutoka hapo alikwenda klabu ya Los Angeles Rams kama afisa wa uenezi, akapanda hadi meneja mkuu, na mwaka wa 1960, akiwa na umri wa miaka 33, akachaguliwa kamishna wa NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani. Aliiongoza hadi 1989. Safari hiyo ndefu ilianzia kwenye meza ya habari ya chuo.

Ujuzi wa kwanza unaohitajika ni usahihi, na usahihi huanza na jina. Mwanariadha mwenye majina matatu akiandikwa mawili leo na mengine mawili kesho, rekodi zake huonekana kuwa za watu wawili. Kocha wa ng'ambo anayetafuta muda wake bora huenda asiupate kamwe. Kwa hiyo afisa mzuri humuuliza mchezaji mwenyewe jina linavyoandikwa na linavyotamkwa, kisha hulitumia vivyo hivyo daima.

Ujuzi wa pili ni kujua lisilofaa kusemwa. Siku ya ushindi kila mtu ana maneno. Afisa hupimwa siku mchezaji anapoumia, au timu inapofungwa vibaya. Akidanganya, wanahabari hawatamwamini tena. Akifichua hali ya afya ya mchezaji bila idhini, amemdhuru kijana aliyepaswa kumlinda. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kwa mtoto idhini ya mzazi au mlezi huhitajika. Jibu la haki ni fupi: "Ameumia, anatibiwa, na taarifa zaidi itatolewa kwa idhini yake."

Ujuzi wa tatu ni kuwaona wasioonekana. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech University, kisha akailetea Kenya medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London 2012. Kabla ya kufika huko, kila bingwa alikuwa jina moja katika orodha ndefu ya matokeo. Afisa anayeandika kuhusu mchezo wa wasichana, wa walemavu au wa timu ya mkiani kwa bidii ile ile ndiye anayewafungulia wengine njia.

Kijana wa kaunti hana haja ya kungoja nauli ya ndege ili kuanza. Daftari, simu na ruhusa ya mwalimu wa michezo vinatosha. Achague timu moja ya chuo chake na kuifuata msimu mzima, aandike kila matokeo, tarehe, uwanja na majina kamili, kisha aandike taarifa ya maneno 200 baada ya kila mchezo na kumpelekea mwalimu pamoja na kituo cha redio cha eneo lake. Mwisho wa msimu atakuwa na mkoba wa kazi wa kumwonyesha mwajiri.

Chuo nacho kitakuwa na kumbukumbu. Kocha akiuliza kuhusu msichana fulani aliyekimbia vizuri mwezi wa tatu, mtu atafungua daftari na kumpa jibu.