Tani Elfu Kumi kwa Mawe Mia Moja: Mhadhara wa Umma kuhusu Utafutaji wa Almasi za Mtoni



Naomba nianze na hesabu, kwa sababu yote nitakayosema jioni hii yamesimama juu yake. Karati moja ni gramu 0.2. Katika changarawe nyingi za mito ya kusini mwa Afrika, mchimbaji anayepata karati moja katika kila tani 100 hulipa wafanyakazi wake na kubakiwa na kitu. Tani 100 ni gramu milioni mia moja. Kwa hiyo anachokitafuta ni sehemu mbili tu katika kila sehemu bilioni moja za mawe, mchanga na udongo. Dhahabu ikiwa kwa kiwango hicho hakuna mgodi utakaoifuata.

Ugumu hauishii hapo. Dhahabu husambaa kwa chembe ndogondogo, kiasi kwamba kilo chache za udongo hukupa fununu ya kilichomo. Almasi ni jiwe moja zima: ama limeingia kwenye ndoo yako, ama limebaki ardhini hatua tatu kutoka uliposimama. Sasa mtu anawezaje kusema kwa haki kwamba bonde fulani lina almasi, na kwa kiasi gani, kabla hajalichimba lote?

Jibu langu ni kwamba kuna kazi mbili, na kila moja ina swali lake. Uchorongaji hutuambia changarawe iko wapi, ina unene gani, na imefunikwa na nini. Sampuli kubwa, yaani maelfu ya tani zilizochimbwa, zikapimwa na kuoshwa, ndiyo inayotuambia changarawe hiyo ina almasi kiasi gani. Anayetumia majibu ya kazi ya kwanza kujibu swali la pili anapotosha, hata kama hakukusudia. Upotoshaji huo una watu wanaoulipia.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Mto Orange. Mto huu huanzia milima ya Lesotho, ambako huitwa Senqu, ukaelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 2,000, ukapokea maji ya Vaal njiani, hadi kumwagika katika Bahari ya Atlantiki mpakani mwa Afrika Kusini na Namibia. Ndani ya eneo linalomwaga maji yake katika mito hiyo kuna mabomba ya kimbalaiti, mwamba wa volkano uliobeba almasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150. Mengi ya yale ya Kimberley, Afrika Kusini, yalipanda yapata miaka milioni 90 iliyopita. Tangu hapo mvua imeyala kutoka juu, na mito imebeba kilicholiwa.

Mto ulifanya kazi ya mama anayepepeta mchele kwenye ungo. Mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.65 ya maji, almasi mara 3.5; tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa kwa mamilioni ya miaka, huacha almasi pale maji yanapopungua kasi: nyuma ya mwamba mgumu unaokatiza mto, ndani ya mashimo yaliyochimbwa na mawe yanayozungushwa na maji, katika nyufa za mwamba wa chini. Mawe yenye ufa huvunjikavunjika safarini. Ndiyo maana zaidi ya asilimia 95 ya almasi za pwani ya Namibia zinafaa kwa vito. Zilipofika baharini, mawimbi yanayosukumwa na upepo wa kusini-magharibi yalizipeleka kaskazini, mawe makubwa yakabaki karibu na mlango wa mto na madogo yakafika mbali.

Walioanza kuyajua haya hawakuwa maprofesa. Almasi ya kwanza iliyotambuliwa Afrika Kusini, Eureka ya karati 21.25, iliokotwa na mtoto karibu na Hopetown, kando ya Orange, mwaka 1867. Mwaka 1908, Zacharias Lewala alikuwa akifukua mchanga kwenye reli karibu na Kolmanskop, Namibia. Alikuwa amewahi kufanya kazi Kimberley, akalitambua jiwe, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch alitajirika; Lewala hakupata fungu lake. Naomba mlishike jina la Lewala, kwa maana nitamrudia.

Mwaka 1926 na 1927, mjiolojia Hans Merensky alipofika Alexander Bay, kusini mwa mlango wa Orange, dalili iliyomwongoza ilikuwa tabaka la magamba ya chaza wa kale. Changarawe za ufuo ule wa zamani zilikuwa tajiri kupita kiasi. Hapo tunaona utafutaji ukianza kufuata umbo la ardhi na historia ya bahari, kazi ambayo leo uchorongaji unaisaidia.

Tuseme tuna ukingo wa mto wa kale, umefunikwa na mita kumi za mchanga. Tunapanga mashimo kwa mistari inayokatiza mkondo uliozikwa. Mtambo hugonga na kusaga, hewa hupandisha vipande juu, na mjiolojia huvisoma mita kwa mita. Kokoto zilizoviringwa humwambia kuwa yuko ndani ya changarawe. Vipande vyenye kingo kali humwambia amegusa mwamba. Mahali ambapo mtambo mkubwa haufiki, bado kuna mtambo wa mkono uitwao Banka, uliopewa jina la kisiwa cha Bangka nchini Indonesia ulikotumika kutafuta bati: watu husukuma bomba la chuma ardhini huku wakitoa udongo ndani yake.

Kazi hii ina mitego yake. Jiwe kubwa lililolala ndani ya changarawe linaweza kudhaniwa kuwa mwamba wa chini, shimo likasimamishwa, na sehemu bora ya mashapo ikaachwa chini yake. Kwa hiyo mchorongaji makini huendelea mita moja au mbili ndani ya mwamba kabla ya kuondoka. Penye maji, kuta za shimo hubomoka na kuchanganya cha juu na cha chini. Lakini ikifanywa vizuri, mwisho wake tunapata ramani ya bonde lililozikwa: kina chake, miteremko yake, mahali pa kuweka shimo kubwa. Bila ramani hiyo tingatinga linafukua kwa kubahatisha.

Ila tusiiombe ramani hiyo kisichomo. Shimo lenye kipenyo cha sentimita 15 likipita katika changarawe ya unene wa mita mbili hutoa kama kilo 70. Kwa kiwango cha karati moja kwa tani 100, na tukichukulia kila jiwe lina karati moja, tungehitaji mashimo takriban 1,400 ili kutarajia jiwe moja. Mtu akichoronga mashimo hamsini asipate almasi, hajathibitisha chochote. Akipata moja, pia hajathibitisha kiwango, ingawa atashawishika sana kuitangaza.

Hapo ndipo sampuli kubwa inapoingia, na hapa nitakaa zaidi kwa kuwa ndipo ukweli unapopatikana au kupotea. Ekskaveta huondoa udongo wa juu, kisha changarawe huchimbwa kwa mtaro au shimo pana. Mpima ardhi hupima ujazo wa shimo lenyewe, kwa sababu changarawe ikishachimbwa huvimba, na anayehesabu malori badala ya shimo hupata kiwango kisicho sahihi. Kila sampuli huoshwa peke yake, na mtambo husafishwa kabla ya inayofuata. Mawe makubwa hutolewa kwa chekeche, udongo mwembamba hutolewa pia, na kinachobaki huingia kwenye sufuria kubwa inayozunguka au kwenye mtambo wa uji mzito wa ferosilikoni, ambamo vizito huzama na vyepesi huelea. Makinikia yanayobaki hupitishwa kwenye eksrei, ambayo hufanya almasi ing'ae, au juu ya meza ya grisi, kwa kuwa almasi hukataa maji na kunata kwenye mafuta. Mwisho ni macho na mikono ya watu, ndani ya chumba chenye kufuli mbili.

Katika mlolongo huo, jambo linalonigusa zaidi ni ufagio. Oranjemund, upande wa Namibia wa mlango wa Orange, kwa miaka mingi, baada ya mashine kumaliza, wafanyakazi walipiga magoti juu ya mwamba mtupu wakifagia kila ufa. Almasi nyingi zilikuwa humo. Sampuli ambayo imeacha sentimita kumi za mwisho juu ya mwamba ni ya uongo, hata kama ilitumia mtambo wa bei gani. Vivyo hivyo tundu la chekeche: anayezuia mawe kuanzia milimita mbili na anayezuia kuanzia milimita moja hawawezi kulinganisha viwango vyao. Ripoti isiyotaja tundu hilo haifai kusomwa.

Sasa turudi kwenye hesabu. Kiwango halisi kikiwa jiwe moja kwa tani 100, na mawe yakiwa yametawanyika bila mpangilio, mtu anayeosha tani 100 ana uwezekano wa asilimia 37 wa kutoona chochote. Ana pia uwezekano wa asilimia 26 wa kuona mawe mawili au zaidi, na hivyo kutangaza angalau maradufu ya ukweli bila kudanganya mtu. Wenye bahati mbaya hufunga mabegi na kuondoka. Wenye bahati nzuri huandika ripoti. Hivyo basi, hata pasipo tapeli hata mmoja, ripoti tunazozisoma huegemea upande wa matumaini. Ili kukijua kiwango kwa kosa lisilozidi asilimia 20 juu au chini, tunahitaji mawe kama mia moja, yaani tani 10,000 zilizooshwa.

Na hiyo ni hesabu ya huruma, maana almasi hazitawanyiki bila mpangilio. Hujikusanya kwenye mitego niliyoitaja. Herbert Sichel, mtakwimu aliyefanya kazi Johannesburg, alionesha mwaka 1973 namna ya kushughulikia mashapo ya aina hiyo, ambamo idadi ya mawe na ukubwa wake hutofautiana kwa namna mbili tofauti. Funzo la vitendo ni rahisi: tani 10,000 kutoka shimo moja tajiri si sampuli ya bonde. Lazima zitoke mahali pengi, penye neema na pasipo na neema.

Thamani nayo ina fumbo lake. Mwaka 2016 machimbo ya mtoni ya Lulo, Angola, yalitoa jiwe la karati 404 lililouzwa kwa dola milioni 16. Mwaka uliofuata, wachimbaji wadogo wa Kono, Sierra Leone, walipata jiwe la karati 709, likauzwa kwa dola milioni 6.5. Jiwe kubwa zaidi lilileta chini ya nusu ya fedha, kwa sababu ya rangi na usafi wake. Kwa hiyo hata ukijua karati, hujajua fedha, mpaka uwe na fungu la maelfu ya karati la kuwaonesha wathamini.

Wapo wasiotaka kusubiri yote haya. Tarehe 4 Machi 1927, Grasfontein karibu na Lichtenburg, Afrika Kusini, serikali iligawa viwanja vya almasi kwa mbio: watu wapatao 25,000 walipanga mstari, bendera ikashushwa, wakakimbia kupigilia vigingi. Wengine walikuwa wamekodi wanariadha. Changarawe za pale zimejazana katika mikondo na mashimo ya mwamba wa chokaa, hivyo kiwanja kimoja kilijaa mawe na jirani yake kikawa kitupu. Maelfu walipoteza akiba zao. Naamini bado tunawakimbiza watu namna hiyo, ila bila bendera. Tunampa mchimbaji mdogo leseni, tunampa kiwanja, hatumpi ramani ya mwamba wa chini wala takwimu za majirani zake.

Na hapa namrudia Lewala, aliyelijua jiwe lakini hakupata fungu lake; wapo wengi kama yeye. Katika Maganzo, Tanzania, jirani na bomba kubwa la Mwadui ambalo John Williamson aliligundua mwaka 1940, wachimbaji wadogo wamefukua na kuchekecha changarawe kwa miongo mingi. Ni vivyo hivyo Kono, na Tshikapa kule Kasai, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukijumlisha tani walizoosha, hakuna kampuni ya utafutaji iliyowahi kulipia sampuli ya ukubwa huo. Kila shimo lao lilikuwa jibu la swali ambalo sisi wanasayansi tunalilipia mamilioni, lakini halikuandikwa: si kina, si ujazo, si idadi ya mawe. Maarifa ya waliochimba yamezikwa pamoja na kifusi chao, na kijana anayekuja leo anachimba upya mahali ambapo baba yake alikwisha kuambulia patupu.

Hili linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko mtambo mmoja wa kuchoronga. Kwa kila leseni ya uchimbaji mdogo liwepo daftari la kurasa chache: mahali pa shimo, kina cha mwamba, ujazo uliooshwa, tundu la chekeche, idadi na uzito wa mawe, pamoja na mashimo yaliyotoka tupu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iyakusanye madaftari hayo, iwachorongee wachimbaji mistari michache ya mashimo, na iwarudishie ramani kwa Kiswahili. Mchimbaji lazima awe na hakika kwamba anachokiandika hakitatumika kumnyang'anya kiwanja; bila ulinzi huo wa kisheria ataandika uongo, na atakuwa na haki.

Wanafunzi wangu, mtakwenda kuajiriwa na kampuni, na wizara, na benki. Mtaletewa ripoti zenye picha za mawe yanayong'aa. Kabla ya kuitazama picha, ulizeni tani ngapi zimeoshwa, kutoka mashimo mangapi, na mawe mangapi yamepatikana. Msipopewa namba hizo tatu, msitie saini.