Ukoo Usiwe Cheti cha Kazi



Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Sheria hiyo huhesabu kabila, koo haizioni. Mbele yake mtu wa Kitutu na mtu wa Bobasi wote ni Wagusii tu. Wagawao kazi, ajabu, hutofautisha upesi!

Twadai alama za wote waliosailiwa zibandikwe hadharani. Muuguzi mwenye alama 70 akiona aliyepata 40 ameajiriwa, ana siku 90 za kukata rufani kwa maandishi mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma. Nasi tutamwandikia, awe wa ukoo wowote.