Mlinzi wa Lango Aliyekuwa Fundi

Maneno aliyoyasema katekista mbele ya wakristo na waalimu wa Keko



Hapa Keko twaishi katika mlio wa msumeno na randa. Kando ya njia zetu mafundi hutengeneza vitanda, viti na makabati. Kwa hiyo nimeona vema kuwasimulia habari za fundi mmoja aliyeanza kwa kuchonga miti, hata akajulikana duniani kwa rangi zake, naye ni George Lilanga.

Alizaliwa mwaka 1934 huko Kikwetu, upande wa kusini, naye ni Mmakonde. Alianza kuchonga mizizi ya mihogo, maana ni laini, ndipo akaendelea na miti migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja Dar es Salaam kutafuta riziki. Ndugu yake Augustino Malaba, naye mchongaji, akamsaidia kupata kazi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi ya Sista Jean Pruitt wa Maryknoll. Lakini kazi gani? Kazi ya ulinzi. Fundi yule aliwekwa langoni kulinda kazi za mafundi wengine.

Basi akavionyesha vinyago vyake. Wakuu wakavitazama, wakamwondoa langoni, wakampa nafasi pamoja na wasanii. Hapo alifanya batiki, alichapa picha kwa mabamba ya zinki, akapaka rangi. Mwaka 1978 kazi zake zipatazo 100 zilionyeshwa Washington, Marekani. Hata alipougua kisukari na kukatwa miguu hakuiacha kazi yake, mpaka alipofariki mwaka 2005.

Alichora nini? Mashetani wa Kimakonde, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza. Lakini tazameni wafanyavyo: wacheza ngoma, wapiga soga, wabeba mizigo, kama sisi.

Hapa yanipasa kuungama. Zamani, nikifundisha watoto, nilimkuta mvulana amechora viumbe vya namna hiyo katika daftari yake. Nikaupasua ukurasa mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba Shetani hachorwi. Hakulia. Aliviokota vipande, akavitia mfukoni, wala hakunionyesha kitu tena. Baadaye, nilipoziona picha za Lilanga, nilifahamu kwamba mtoto yule hakumtukuza Shetani. Alikuwa akitucheka sisi wanadamu, tena kwa upendo. Nikaenda kwao kumwomba radhi, nikaambiwa wamekwisha kuhama.

Enyi waalimu, Lilanga alipata watu waliokubali kutazama kwanza. Mtoto wangu hakupata. Kipawa hakiji sikuzote kwa mlango tuutazamao. Mara nyingine kimekaa langoni, chalinda mali ya wengine, changoja kuulizwa. Basi kabla ya kupasua, tuulize: Mwanangu, umechora nini?

Mungu atujalie macho ya kuona.