Kalamu ya Mchoraji na Haki ya Mchorwa



Maudhui yetu leo ni katuni za zamani za Marekani na namna zilivyowachora watu wa Asia. Atatokea wa kusema: katuni ni mchezo wa watoto, zina uzito gani? Tunamjibu kwamba mtoto husoma picha kabla hajaijua herufi, na dhana iliyoingia kwa kicheko ni ngumu kuing'oa.

Mwaka 1913 Mwingereza Sax Rohmer alitoa riwaya ya Fu Manchu, Mchina mwerevu mwenye njama ya kuutawala ulimwengu. Taswira hiyo ikahamia katika katuni. Mwaka 1934 akazuka Ming, mfalme dhalimu wa Flash Gordon. Toleo la kwanza la Detective Comics, la Machi 1937, lilibeba jaladani uso wa Mchina wa kutisha. Hata aliyekuwa upande wa wema hakusalimika: Chop-Chop, mpishi Mchina wa kikosi cha Blackhawk, alichorwa mwaka 1941 kwa meno yaliyochomoza na kisu cha jikoni mkononi, akisema lugha ya kuvunjika, ilhali wenziwe Wazungu walichorwa watu kamili.

Basi Mwasia akabakiwa na nafasi mbili: aogopwe au achekwe. Nafasi ya tatu, ya kuwa jirani, hakupewa.

Hatudai kwamba katuni ndizo zilizozaa dhulma. Sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani ilipitishwa mwaka 1882, kabla yake. Lakini dhulma huhitaji nyoyo zilizokwisha kuzoezwa. Baada ya amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia, walitolewa makwao wakafungiwa kambini. Serikali iliomba radhi mwaka 1988.

Dawa ni ipi? Mwaka 1934 mchoraji Mbelgiji Hergé alikutana na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka China, akajifunza kwake. Katika kisa cha Tintin kilichofuata, Wachina walichorwa kwa insafu. Wajapani wakabaki kikaragosi. Aliowajua aliwatendea haki, asiowajua akawadhulumu.

Kwa hiyo, wazazi, msitosheke kumnyang'anya mtoto kitabu. Kaeni naye, mumuulize: huyu aliyechorwa, angejiona hapa, angejitambua? Swali hilo likizoeleka nyumbani, mtoto atalibeba hata mbele ya picha tusizoziona sisi.