KAGUA CHUMA KABLA YA KITANDA

Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa magari mbele ya wanachama wa vikundi waliokuwa wakipanga kununua gari kuukuu na kuligeuza liwe la kulala safarini. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

Nimeambiwa mna timu inayozunguka mbali kuchanja mifugo na kufundisha juu ya maji safi, na kwamba huko wanakokwenda hakuna mahali pa kulala. Sasa mmechanga pesa. Mnataka kununua Hiace au Caravan kuukuu, mtoe viti, muweke vitanda, meko na mitungi ya maji. Wazo ni zuri. Lakini kabla sijawaambia la kufanya, wacha niwaambie kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Mwaka wa 2011 kikundi chetu kilikuwa na watu 32. Kila mmoja alitoa shilingi 500 kwa mwezi, miaka mitatu mfululizo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wao. Broka akatupeleka kuona gari jeupe, rangi mpya, linang'aa kama sahani. Ilikuwa saa kumi jioni na injini ilikuwa tayari ina moto. Nikaisikiliza, nikaliendesha kidogo, nikarudi nikasema, "Hili ni sawa." Sikulala chini nikatazama. Nilikuwa nimevaa suruali ya kwenda mkutanoni, sikutaka kuichafua.

Tukatengeneza vitanda, kabati, hata mapazia ya maua. Safari ya tatu, kati ya Archer's Post na Wamba, njia ya mawe wakati huo, tukasikia kishindo nyuma. Chuma kinachoshika springi kilikuwa kimeachana na bodi. Kutu ilikuwa imekimaliza, na mtu alikuwa ameifunika kwa puti na rangi nyeusi. Tulikaa hapo siku mbili. Kulivuta gari mpaka Isiolo na kulichomelea kulikula akiba yote iliyobaki.

Mama mmoja aliyeuza mbuzi ili atoe mchango wake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Fundi, ulitazama chini?" Swali hilo nalibeba mpaka leo. Nanyi nataka mlibebe.

Anzeni na kazi, si na gari

Kabla ya kwenda sokoni, ketini na kalamu. Watu wangapi watalala ndani? Hiace ya kawaida ya umbo lililoanza kutengenezwa mwaka wa 2004 ina urefu wa kama mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Nyuma ya viti vya mbele unabaki na kama mita 3. Watu wawili watalala vizuri. Wanne watabanana kama samaki wa mkebe. Tena ndani hamsimami wima, mnaketi au mnainama. Iko ile ndefu na pana, mita 5.38 kwa mita 1.88, yenye paa la juu. Hiyo inahurumia mgongo, lakini mtu mrefu bado atainamisha kichwa, na bei yake si ya mchezo.

Halafu pimeni uzito. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtungi wa lita 20 wa maji ni kilo 20. Mitungi sita ni kilo 120. Watu wanne ni kama kilo 280. Mbao za plaiwudi nene, vipande sita vizima, ni kama kilo 180. Betri mbili kubwa za sola ni kilo 60. Gesi ya kilo 13 pamoja na mtungi wake ni karibu kilo 28. Ongeza vyombo vya kazi kilo 150, chakula, nguo na jeki kilo 100. Jumlisheni: mmefika kilo 918, na hamjapakia zawadi ya mbuzi kutoka kwa wenyeji. (Kicheko.) Kila gari lina uzito wake likiwa tupu na uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Toeni mmoja kwa mwingine. Ikiwa kinachobaki ni kidogo kuliko hesabu yenu, hilo si gari lenu, hata likiwa zuri namna gani.

Gari limetoka wapi?

Sheria ya viwango ya Kenya hairuhusu kuleta kutoka nje gari lililopita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kama pesa ni kidogo, mtanunua gari ambalo limeshafanya kazi hapa hapa nchini. Ulizeni ilikuwa kazi gani.

Kama lilikuwa matatu, jueni limekimbia kutwa, siku zote, dereva huyu akishuka yule anapanda. Ng'oeni zulia mtazame sakafu: viti vimetobolewa na kuchomelewa, na kila tundu ni mlango wa maji na kutu.

Kama lilikuwa la mizigo, sakafu huwa imara na hakuna viti vya kung'oa. Lakini tazameni springi za nyuma. Zikiwa zimelala, au zimeongezwa vipande, limebeba kupita kiasi.

Kama lilikuwa la watalii, lile lenye paa la kuinuka, lawafaa sana maana mtasimama ndani. Ila paa lilikatwa ili liinuke. Mwagieni ndoo mbili za maji juu, muingie ndani, mfunge, mngoje. Maji yakidondoka leo, kitandani mtalowa kesho.

Siku ya kukagua

Moja. Nendeni asubuhi. Wekeni mkono juu ya injini, iwe baridi. Ikiwa imeshapashwa moto, ulizeni sababu, au mrudi kesho. Injini mbaya hujificha ikiwa na joto. Ikiwaka, tazameni moshi. Wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokwisha hata ikipata joto, huenda maji ya radieta yanaingia ndani. Mweusi mzito kwa gari la dizeli, kuna shida ya hewa au ya mafuta.

Mbili. Magari haya injini yake iko chini ya viti vya mbele. Inueni kiti, mfungue kifuniko cha oili. Mkiona kitu kama uji wa maziwa, maji na oili vimekutana. Funikeni, mshukuru, mwende zenu.

Tatu. Laleni chini! Bebeni gunia la kulalia, tochi, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa kitambaa. Gongeni pole pole. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama gunia la mahindi. Sumaku hushika bati, haishiki puti. Tazameni zaidi pale springi zinaposhikilia bodi, chini ya milango, juu ya magurudumu na kando ya kioo cha mbele. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ni ya kutiliwa shaka.

Nne. Someni tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne pamoja: 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka wa 2019. Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira umezeeka. Tairi ikiliwa upande mmoja, kuna kilichopinda.

Tano. Pakieni watu, mwendeshe kwenye barabara mbovu na mlimani, si kwenye lami peke yake. Shikeni breki mjue kama linavuta kando. Ile namba ya kilomita msiiamini peke yake, maana hurudishwa nyuma. Linganisheni na kanyagio la klachi na kiti cha dereva. Kanyagio lililolika mpaka chuma halikulika kwa kilomita 60,000.

Na fundi awe wenu, mlipeni nyinyi. Fundi aliyeletwa na muuzaji ana tajiri mwingine.

Karatasi

Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye logibuku tu, na zote zifanane. Kabla ya kutoa hata senti, fanyeni utafutaji wa rekodi kwa NTSA, mamlaka ya usafiri iliyoundwa mwaka wa 2012. Mtaona mwenye gari ni nani, na kama liko bado kwenye deni la benki. Mkishaligeuza, badiliko hilo lijulishwe rasmi, gari likaguliwe, na kampuni ya bima iambiwe. Gari lenye bima ya matatu na vitanda ndani, siku ya ajali mtajitetea vipi?

Mkianza kujenga

Wacheni nafasi ya kuinua viti vya mbele, la sivyo kila kazi ya injini mtabomoa kabati. Vitu vizito, kama maji na betri, viwe chini na vifungwe. Na hili naomba mlishike: msilale na jiko la makaa ndani, hata likionekana limezimika. Sumu yake haina harufu na haimwamshi mtu. Wekeni madirisha mawili ya kupitisha hewa, ya pande mbili tofauti.

Mama mmoja aliuliza: Fundi, tumechanga, na pesa zatosha gari tu. Tununue sasa halafu tuchange tena?

Jibu: La, mama. Pesa zikitosha gari tu, basi hazijatosha gari. Gaweni mafungu matatu. Mawili yanunue, la tatu likae benki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, maana gari kuukuu lazima litaomba. Vitanda vitangoja. Mwaka wa kwanza lalieni magodoro sakafuni. Tena kabla ya kununua, kodisheni gari la namna hiyo wiki moja, timu ilale ndani. Mtajua mnachohitaji, na huenda mkagundua hema mbili na gari dogo zaidi vyatosha.

Kwa kumaliza, zile pesa mlizo nazo ni mbuzi wa mtu, mayai ya mtu, jasho la mtu. Siku ya kununua, chagueni mmoja wenu avae nguo kuukuu. Muuzaji akicheka, acheke. Akitoka chini ya gari amejaa vumbi, muulizeni lile swali nililoulizwa mimi. Akisema "Nilitazama," na aeleze alichokiona, hapo sasa mnaweza kuzungumza bei.